Maswali ya Wasomaji: Afisa Aliyepewa Nishani ya Marehemu Naye Yu Hai

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Kitui. Marehemu babu yangu alikuwa askari wa Keya, yaani jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, katika Vita Kuu ya Pili, akapigana Burma akiwa katika Batalioni ya 11. Kila alipopata kikombe cha chai na watu wa kumsikiliza, alitusimulia kwamba afisa aliyekuwa naibu wa mkuu wa batalioni yao alikuwa mtu aliyekwisha kutangazwa kuwa amekufa vitani, akapewa nishani kubwa ya ushujaa ya marehemu, kisha akaonekana mzima. Sisi wajukuu tulidhani ni ngano za uzeeni. Je, mtu huyo alikuwapo kweli, na alifanya nini hata akapewa nishani hiyo? Tena babu ametuachia nyota ya shaba yenye pembe sita, iliyofungwa kwenye utepe. Baadhi ya ndugu zangu wanasema ni nishani ya ushujaa ile ile aliyopewa afisa wake. Naomba utuondolee ubishi huu nyumbani. (Msomaji, Kitui)

JIBU: Babu yako hakuwa akitunga, na ninasikitika kwamba hakuishi akalisoma jibu hili. Nyota yake nitaizungumzia mwishoni, baada ya barua nyingine mbili, kwa kuwa haiwezi kueleweka vizuri kabla ya kujua nishani zilivyokuwa zikitolewa. Tuanze na afisa.

Aliitwa Eric Charles Twelves Wilson, Mwingereza, mtoto wa kasisi, aliyezaliwa Sandown katika kisiwa cha Wight tarehe 2 Oktoba 1912. Alihitimu chuo cha kijeshi cha Sandhurst na mwaka 1933 akapewa cheo katika kikosi cha East Surrey, ambacho kilikuwa cha askari wa miguu. Mwaka 1937 aliazimwa kwa Keya, akatumikia pamoja na askari wa Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi, hata akajifunza Kinyanja. Mwaka 1939 alihamishiwa Kikosi cha Ngamia cha Somalia ya Waingereza. Ninaitaja lugha kwa makusudi, kwa maana mtu huyu aliishi miaka yake ya ujana kati ya askari wa Kiafrika, na siku ilipofika ya kujaribiwa, waliokuwa naye bega kwa bega kwenye bombomu zake, yaani bunduki za rashasha, walikuwa Wasomali.

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Siku chache baadaye Ufaransa ikaomba amani, na Waingereza waliokuwa wakitegemea Wafaransa wa Jibuti kuulinda upande ule wa pwani wakajikuta peke yao. Tarehe 3 Agosti majeshi ya Italia yalivuka mpaka kutoka Ethiopia kuingia Somalia ya Waingereza. Lengo lao lilikuwa bandari ya Berbera, na barabara kuu ya kutoka Hargeisa kwenda huko hupenya kati ya vilima mahali panapoitwa Tug Argan. Neno “tug” kwa Kisomali ni mto wa msimu, ule unaojaa mvua inaponyesha na kubaki korongo la mchanga siku nyingine zote za mwaka. Mahali hapo ndipo Waingereza walipoamua kusimama. Askari wao walikuwa mchanganyiko mkubwa: Warhodesia wa Kaskazini, Keya wa Nyasaland, Wahindi wa kikosi cha Punjab, Waskoti wa Black Watch waliofika baada ya vita kuanza, na hao Wasomali wa Kikosi cha Ngamia. Waitalia, ambao nao wengi wa askari wao walikuwa Waafrika wa makoloni yao, waliwazidi kwa idadi zaidi ya mara nne, tena walikuwa na mizinga mingi. Waingereza walikuwa na mizinga midogo minne tu, pamoja na kimzinga cha salamu kilichoteremshwa kutoka manowari ya Australia iitwayo Hobart, kikaletwa na mabaharia watatu waliojitolea kukipiga.

Vilima vya Tug Argan havikuungana kama ukuta. Vilitengana, kila kimoja kikawa kama kisiwa kilichopaswa kujilinda chenyewe, na Waingereza walivipa majina ya kwao. Wilson, aliyekuwa na miaka 27 na cheo cha luteni akikaimu ukapteni, alipewa bombomu zilizowekwa kwenye kilima walichokiita Observation Hill, yaani kilima cha kuangalizia.

Inafaa hapa niieleze silaha yenyewe, kwa sababu ushujaa wa Wilson hauonekani vizuri mpaka uijue kazi ya mikono iliyokuwamo. Bombomu ya Vickers si bunduki ya kubebwa begani. Ni chuma kizito kinachokaa juu ya miguu mitatu, chenye koti la bati linalozunguka mtutu na kujazwa maji ili usichemke, na hulishwa mkanda wa kitambaa wenye risasi 250. Mtu mmoja hufyatua, wa pili huushika mkanda uingie sawasawa, na wengine huleta risasi na maji. Ikikaa vizuri hupiga mbali sana na kwa muda mrefu. Ikiangushwa kutoka kwenye miguu yake, huwa ni mzigo wa chuma tu mpaka mtu aiinue, aitengeneze na kuielekeza upya.

Tarehe 11 Agosti adui alikishambulia kilima hicho. Wilson na Wasomali wake walimrudisha nyuma, kisha wakageuza bombomu kuwapiga waliokuwa wakikishambulia kilima jirani, Mill Hill, ambacho kilikuwa ndani ya masafa yao. Hasara waliyoitia ilikuwa kubwa kiasi kwamba Waitalia waliona hawatasonga mbele bila kuzinyamazisha bombomu zile kwanza. Wakaleta mizinga ya kubebwa na nyumbu mpaka umbali wa yadi 700, ambazo ni kama mita 640, wakalenga vidirisha vyenyewe vya ngome. Makombora mawili yaliingia moja kwa moja na kupasukia ndani. Wilson alijeruhiwa vibaya kwenye bega la kulia na jicho la kushoto, na kadhaa kati ya askari wake wakajeruhiwa pia. Bombomu zikarushwa kutoka kwenye miguu yake. Sajini wake Msomali, Omar Kujoog, aliuawa kando yake.

Wilson, kwa bega lile na jicho lile, aliziinua bombomu, akazitengeneza, akazirudisha mahali pake na kuendelea kupiga. Tarehe 12 na tarehe 14 mizinga ilielekezwa tena kwenye kituo chake, naye akaendelea, vidonda vyake vikiwa havijatibiwa. Tarehe 15 vituo viwili vya bombomu zake vilisambaratishwa kabisa. Kufikia siku hiyo alikuwa ameshikwa pia na malaria, lakini kituo alichokuwamo mwenyewe kilikuwa bado kinapiga. Saa kumi na moja jioni ya siku hiyo adui alikifunika kilima.

Ninapoisoma taarifa ya nishani yake, kinachonigusa zaidi ni urefu wa siku hizo. Uko ushujaa wa dakika tatu, mtu anaporuka mbele damu ikiwa moto, nami siudharau hata kidogo. Lakini kukaa siku tano mahali pamoja, ukijua kwamba adui amekwisha kukipima kidirisha chako na kukigonga mara mbili, na kila asubuhi kuamka na jeraha lile lile na kuijaza bombomu maji, huko ni kuamua upya kila siku. Wasomali waliokuwa naye waliamua hivyo hivyo, na hilo nitalirudia.

Vita vya Tug Argan vilikuwa vya kushindwa. Jenerali Godwin-Austen, aliyekabidhiwa amri tarehe 11 Agosti vita vikiwa vimekwisha kuanza, aliona barabara ya nyuma itakatwa, akaomba ruhusa ya kuondoka, na jeshi likapakiwa melini Berbera. Askari wengi wa Kikosi cha Ngamia walibaki nchini mwao. Kule London Waziri Mkuu Churchill alikasirika kwamba nchi imeachwa kwa hasara ndogo ya watu, na Jenerali Wavell, mkuu wa majeshi ya Waingereza ya Mashariki ya Kati, akamjibu kwamba wingi wa maiti si kipimo cha ujuzi wa vita, jibu ambalo Churchill hakulisahau.

Katika hali hiyo ndipo gazeti rasmi la serikali ya Uingereza lilipotangaza, katikati ya Oktoba 1940, kwamba Mfalme amempa Kapteni Wilson Msalaba wa Viktoria, nishani ya ushujaa iliyo juu ya zote za Uingereza. Taarifa ilimalizia kwa kusema kwamba alipigana mpaka mwisho, akauawa. Waliokuwa wamerudi kutoka Tug Argan hawakumwona akitoka, kilima kilikuwa kimetekwa, na hakuna aliyetarajia mtu mwenye majeraha yale awe amepona.

Naye alikuwa hai. Waitalia walimkuta kilimani, wakamchukua mateka, na hatimaye akafungwa katika kambi ya Adi Ugri huko Eritrea, mji ambao leo unaitwa Mendefera. Alikuwa humo pasipo kujua lolote, mpaka mateka mwingine, afisa wa jeshi la anga la Uingereza, alipoletwa na kumwambia kwamba kwao Uingereza yeye ni marehemu mwenye Msalaba wa Viktoria. Mwaka 1941 Waitalia waliposhindwa Eritrea, Wilson na wenzake wakafunguliwa. Hata wale mabaharia watatu wa kimzinga cha Hobart, ambao nao walikuwa wamedhaniwa kufa, walipatikana Eritrea wakiwa hai. Nishani yake haikufutwa, kwa maana ilitolewa kwa kitendo, wala kitendo hakikubadilika kwa kuwa mtendaji amepona. Aliipokea mikononi mwa Mfalme George VI katika jumba la Buckingham mwezi Julai 1942.

Baada ya hapo alitumikia Afrika Kaskazini katika kikosi cha masafa marefu jangwani, kisha akaenda Burma akiwa naibu wa mkuu wa Batalioni ya 11 ya Keya, batalioni ya Kenya, na huko ndiko babu yako alikomwona. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika ya huko, kwenye matope ya magotini na homa za kila namna, na Wilson mwenyewe aliugua homa kali inayoenezwa na utitiri wa vichakani, akalazwa hospitali. Alipopona alipewa kusimamia kituo cha mafunzo ya askari wa miguu huko Jinja, Uganda. Aliacha jeshi mwaka 1949 akiwa luteni kanali, akaajiriwa katika utawala wa Tanganyika, akakaa huko mpaka mwaka wa uhuru, 1961. Huenda wako wazee wa Tanzania waliowahi kumpelekea shauri wasijue jicho lile liliumizwa wapi. Alifariki Uingereza tarehe 23 Desemba 2008 akiwa na miaka 96, miaka 68 baada ya kutangazwa kuwa amekufa.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Hapa Voi kuna makaburi ya askari wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Wazee husema humo amelazwa afisa aliyekataa kuokolewa. Ni nani? (Msomaji, Voi)

JIBU: Marahaba. Ni Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Melbourne, Australia, aliyekuwa katika Batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, nayo ya askari wa miguu. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, kwenye njia ile ambako Waingereza walikuwa wakijenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta, kikosi chake kilipigana na Wajerumani kikalazimika kurudi nyuma. Dartnell alikuwa amepigwa risasi mguuni na wenzake walikuwa wamekwisha kumbeba. Alipoona kwamba wale walioumia zaidi yake hawawezi kuhamishwa, aliwaamuru waliombeba wamteremshe na kumwacha pamoja nao, akitumaini kwamba uwepo wa afisa ungewanusuru. Wote waliomsihi abebwe aliwakatalia. Aliuawa hapo, akiwa na miaka 30, na Msalaba wa Viktoria ukatangazwa kwa jina lake mwezi Desemba mwaka huo huo.

Taarifa ya nishani yake inadai kwamba askari weusi wa upande wa Wajerumani walikuwa na desturi ya kuua majeruhi. Nalitaja hilo kwa sababu ukiisoma utalikuta, na sipendi mtoto wa Taita alisome bila neno la kuandamana nalo. Hayo ni maneno ya upande mmoja yaliyoandikwa vita vikiwa vinaendelea. Askari weusi walikuwa pande zote mbili, na wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi katika vita hivyo, ambao ni wengi mno kuliko wanajeshi, hawakuandikiwa taarifa yoyote. Hilo halimpunguzii Dartnell kitu. Alikuwa amebebwa, njia ilikuwa wazi, akaomba ateremshwe.

SWALI: Mwalimu, katika hao wote unaowataja wenye Msalaba wa Viktoria sioni Mwafrika. Je, Keya hawakuwa na mashujaa? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Walikuwa nao, tena wengi, na swali lako ni la haki. Hakuna askari Mwafrika wa Keya hata mmoja aliyepewa Msalaba wa Viktoria, si katika vita ya kwanza wala ya pili. Kisheria nishani hiyo haiangalii cheo. Anaweza kuipata jenerali, anaweza kuipata askari wa kawaida, na Wahindi walifunguliwa mlango wake mwaka 1911. Nishani nyingine ndizo zilizogawanywa kwa cheo: Msalaba wa Kijeshi, ulioanzishwa mwishoni mwa 1914, ulikuwa wa maofisa, na Nishani ya Kijeshi, iliyoanzishwa 1916, ilikuwa ya vyeo vya chini, mpaka tofauti hiyo ilipoondolewa mwaka 1993. Katika Keya wakati wa vita, maofisa walikuwa Wazungu na askari Waafrika walikuwa vyeo vya chini, kwa hiyo mgawanyo wa cheo ukawa pia mgawanyo wa rangi. Askari wa Keya waliofanya makubwa walipewa Nishani ya Kijeshi, au nishani ya mwenendo bora iliyowekwa mahususi kwa Keya.

Liko jambo la pili, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi. Nishani huanzia kwenye kalamu. Lazima awepo mtu aliyeona, mwenye kuandika, na ambaye maandishi yake yatasomwa na wakubwa. Kule Observation Hill walioziona siku zile tano walikuwa Wasomali. Taarifa rasmi inawataja kwa ujumla kama wapiga bombomu wa Kisomali, na mmoja wao inamwita “sajini wake Msomali” bila hata jina. Omar Kujoog alikaa kwenye kidirisha kile kile, mbele ya mizinga ile ile, akafa hapo. Simlaumu Wilson, ambaye alikuwa kifungoni wakati taarifa ikiandikwa. Lakini ninaposimulia habari hii siwezi kulitaja jina la mmoja nikaliacha la mwingine, na wewe ukiisimulia nakuomba ufanye vivyo hivyo.

Kwa kuwa unaishi Dar es Salaam, kipo kitu karibu nawe. Kambi ya Lugalo, kabla ya kupewa jina hilo kwa kukumbuka ushindi wa Wahehe dhidi ya Wajerumani mwaka 1891, iliitwa Colito. Colito ni mahali Ethiopia ambapo Batalioni ya Kwanza ya Kikosi cha 6 cha Keya, askari wa Tanganyika, walivuka mto na kupigana na Waitalia tarehe 19 Mei 1941. Hapo Sajini Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya na Mzungu, aliparamia kifaru cha adui, akafungua kifuniko chake na kuwapiga bastola waliokuwamo, akauawa katika jaribio la kufanya vile vile kwa kifaru kingine. Alipewa Msalaba wa Viktoria mwaka 1945. Yeye hakuwa afisa, na hilo linathibitisha nilichosema juu ya cheo. Waliouvuka mto pamoja naye walikuwa Watanganyika, na kambi ile ilibeba jina la kazi yao kwa miaka mingi.

Sasa nimrudie msomaji wetu wa Kitui. Nyota ya shaba yenye pembe sita si Msalaba wa Viktoria, ambao ni msalaba wa shaba iliyofifia wenye simba juu ya taji na utepe mwekundu wa damu ya mzee. Itazame ya babu katikati: kama imezungukwa na maandishi ya neno Burma, na utepe wake ni wa buluu iliyokoza wenye mstari mwekundu katikati na mstari wa rangi ya machungwa ndani ya buluu ya kila upande, hiyo ni Nyota ya Burma. Walipewa wote waliotumikia katika vita vile, naibu wa mkuu wa batalioni na askari wa mwisho sawasawa, kwa hiyo ndugu zako wamekosea kuhusu ushujaa lakini wamepatia bila kujua kwamba babu na afisa wake walistahili nyota ya namna moja. Kabla hamjafunga mjadala, lifungueni sanduku lake vizuri. Mkikuta kipande cha fedha cha mviringo chenye kichwa cha Mfalme upande mmoja na maandishi yaliyozungukwa na shada la majani upande wa pili, na utepe wa buluu iliyokoza wenye mistari myeupe na myekundu katikati, kitazameni ukingoni kwenye mwanga wa jua. Nishani ya Kijeshi ilichongwa hapo namba ya askari, cheo, jina na kikosi chake. Msiisugue kwa majivu wala dawa ya kung'arishia, kwa maana herufi hizo ni nyembamba na hufutika. Mkizikuta, niandikieni.